Maoni ya Richard Stallman kuhusu programu huria

Richard Matthew Stallman (alizaliwa New York, 16 Machi 1953) ni mwanaprogramu kutoka nchini Marekani anayejulikana hasa kama mwanzilishi wa mradi wa GNU na wa harakati za programu huria. Makala hii inahusu maoni yake juu ya programu huria, programu miliki na teknolojia ya kila siku, kama vile simu za mkononi, vitabu vya kidijitali na malipo ya kielektroniki.

Msingi wa maoni hayo ni swali moja: mashine inapofanya kazi, ni nani anayeiamuru, mwenye kuitumia au aliyeitengeneza? Kwa Stallman bei ya programu na ubora wake ni mambo ya pili. La kwanza ni kwamba programu ambayo mtumiaji haitawali humtawala yeye. Msimamo huo umewavutia wengi na pia umepingwa na wengi, wakiwemo baadhi ya wanaprogramu waliofanya kazi naye.

Maana ya maneno

Programu huandikwa kwanza katika lugha ya kompyuta ambayo mtu aliyejifunza anaweza kuisoma. Maandishi hayo huitwa msimbo wa chanzo. Kwa programu nyingi, msimbo huo hugeuzwa kuwa mfuatano wa 0 na 1 ambao mashine inauelewa, lakini binadamu huusoma kwa shida kubwa. Anayepewa mfuatano huo peke yake anaweza kuiendesha programu, ila ni vigumu kwake kujua inafanya nini ndani yake au kuirekebisha inapoharibika.

Programu miliki ni ile ambayo mwenye hakimiliki humruhusu mtumiaji kuiendesha kwa masharti aliyoyaweka. Kwa kawaida msimbo wa chanzo hufichwa, na kunakili au kubadilisha programu hukatazwa. Mifano inayojulikana ni mfumo wa uendeshaji wa Windows na programu ya picha ya Photoshop.

Programu huria, kwa maelezo ya Stallman, ni ile inayompa mtumiaji uhuru wa aina nne. Huhesabiwa kuanzia 0, kama ilivyo desturi ya wanaprogramu:

- Uhuru 0: kuiendesha programu kwa shughuli yoyote.
- Uhuru 1: kuchunguza jinsi inavyofanya kazi na kuibadilisha ifanye atakavyo mtumiaji.
- Uhuru 2: kusambaza nakala zake ili kuwasaidia wengine.
- Uhuru 3: kusambaza nakala za toleo lililobadilishwa, ili jamii nzima inufaike na mabadiliko hayo.

Uhuru 1 na Uhuru 3 hauwezekani bila kupata msimbo wa chanzo. Stallman hulinganisha programu na maelekezo ya mapishi. Wapishi hupeana maelekezo, hupunguza chumvi au huongeza kiungo, kisha huwapa majirani maelekezo hayo mapya. Anaona kwamba kumkataza mtu kufanya hivyo kwa programu ni sawa na kumkataza mpishi kubadilisha mchuzi wake mwenyewe.

Kwa Kiingereza neno moja hubeba maana ya "huru" na ya "bure", na kwa sababu hiyo Stallman amelazimika kueleza kwa miaka mingi kwamba anazungumzia uhuru, si ukosefu wa bei. Kiswahili hakina utata huo, maana "huria" na "bure" ni maneno mawili tofauti. Programu huria inaweza kuuzwa: katikati ya miaka ya 1980 Stallman mwenyewe alijipatia riziki kwa kuuza programu yake ya Emacs kwenye tepu za sumaku kwa dola 150. Kinyume chake, programu nyingi za simu hupatikana bure ilhali ni programu miliki.

Chimbuko la maoni yake

Mwaka 1971, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Harvard, Stallman alianza kazi ya programu katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, karibu na Boston. Katika maabara hiyo ilikuwa kawaida kushirikiana msimbo: aliyetaka kusoma au kuboresha programu ya mwenzake hakuhitaji kuomba leseni. Mwaka 1976 Stallman, pamoja na Guy Steele, alitengeneza toleo la kwanza la Emacs, programu ya kuandikia na kuhariri maandishi. Alipata shahada ya fizikia Harvard mwaka 1974.

Tukio analolitaja mara nyingi lilihusu printa. Printa ya zamani ya maabara ilikuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Stallman hakuweza kuzuia karatasi zisikwame, lakini aliiongezea programu yake uwezo wa kuwapelekea ujumbe waliokuwa wakisubiri kazi zao, ili mmoja wao aende kuikwamua. Karibu na mwaka 1980 maabara ilipewa na kampuni ya Xerox printa mpya ya leza. Nayo ilikwama, lakini programu yake ilikuja bila msimbo wa chanzo. Stallman alimwendea mtafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa na msimbo huo, akakataliwa kwa sababu mtafiti huyo alikuwa ameahidi kutoutoa. Kutokana na jambo hilo Stallman alihitimisha kwamba ahadi ya kuficha msimbo haiwahusu wawili wanaoahidiana tu, bali huwadhuru na watu wengine ambao hawakuwepo.

Baadaye wengi wa wanaprogramu wa maabara waliajiriwa na kampuni za kibiashara na jumuiya ile ikasambaratika. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman alitangaza mpango wa kuandika mfumo mzima wa uendeshaji ambao kila mtu angeweza kuutumia, kuuchunguza na kuusambaza. Aliuita GNU. Januari 1984 aliacha kazi MIT ili chuo kisije kudai haki juu ya alichokiandika. Mwaka 1985 alichapisha ilani ya mradi huo na kuanzisha taasisi ya Free Software Foundation (FSF).

Leseni ya GPL

Stallman aliona hatari moja: mtu angeweza kuchukua programu huria, kuibadilisha kidogo, kisha kuifunga na kuiuza kama programu miliki. Ili kuzuia hilo alitumia sheria ileile ya hakimiliki kwa lengo tofauti. Badala ya kuitumia kuwakataza watu kunakili, aliitumia kuwakataza kuwanyima wengine ruhusa ya kunakili.

Ndilo wazo la leseni ya umma ya GNU, kwa kifupi GPL, iliyotolewa mwaka 1989 na kufuatiwa na toleo la 2 mwaka 1991 na la 3 mwaka 2007. Anayesambaza programu yenye leseni hiyo, iwe kama alivyoipata au baada ya kuibadilisha, lazima awape wapokeaji uhuru uleule pamoja na msimbo wa chanzo.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Ufini, alianza kuandika kerneli ya Linux, yaani sehemu ya mfumo inayogawa kumbukumbu na kazi za mashine. Mwaka uliofuata aliiweka chini ya GPL. Kerneli hiyo ilijaza pengo lililobaki katika mradi wa GNU, na mfumo kamili ukapatikana. Stallman husisitiza uitwe GNU/Linux, kwa hoja kwamba kuuita Linux peke yake huwafanya watu wasahau lengo la uhuru lililoanzisha kazi hiyo.

Tofauti na chanzo wazi

Mwaka 1998 kampuni ya Netscape ilitangaza kutoa msimbo wa kivinjari chake. Katika majadiliano yaliyofuata, Christine Peterson alipendekeza jina jipya, chanzo wazi, na Eric Raymond na Bruce Perens wakaanzisha shirika la kulieneza. Walitaka kuwashawishi wafanyabiashara kwa hoja za manufaa: msimbo unaosomwa na watu wengi hurekebishwa haraka na hugharimu kidogo.

Programu nyingi zinazoitwa za chanzo wazi ni huria pia, na kinyume chake. Hata hivyo Stallman alilikataa jina hilo. Anasema hoja ya ubora haimsaidii mtu siku ambayo programu miliki ni bora zaidi: aliyefundishwa kutafuta ubora tu ataichukua, na uhuru utapotea bila mtu kuulilia.

Mabishano hayo yalionekana wazi katika kisa cha BitKeeper. Kuanzia mwaka 2002 Torvalds alitumia programu miliki ya jina hilo kusimamia mabadiliko ya msimbo wa Linux, kwa sababu aliiona kuwa nzuri kuliko nyingine na waliyoitengeneza walimruhusu kuitumia bila malipo. Stallman alilaumu uamuzi huo. Mwaka 2005 ruhusa ya kuitumia bure iliondolewa baada ya mgogoro, na kazi ya Linux ikabaki bila chombo chake. Torvalds aliandika programu mbadala katika muda mfupi, akaiita Git. Wafuasi wa Stallman hukitumia kisa hiki kuonyesha kwamba ruhusa inayoweza kuondolewa si uhuru. Wapinzani wake hujibu kwamba Torvalds alifanya kazi miaka mitatu kwa chombo bora, kisha akapata kingine bora zaidi.

Maoni kuhusu teknolojia ya kila siku

Simu za mkononi. Stallman hana simu ya mkononi. Ameiita ndoto ya Stalin. Hoja yake ni kwamba simu hulazimika kuwasiliana na minara iliyo karibu ili iweze kupokea wito, kwa hiyo kampuni ya simu hujua ilipo. Tena sehemu ya simu inayozungumza na mtandao huendeshwa kwa programu miliki ambayo mwenye simu hawezi kuichunguza. Akihitaji kupiga simu safarini, humwomba mtu aliye karibu. Mfumo wa Android hutumia kerneli ya Linux, lakini Stallman anaona hilo halitoshi, kwa kuwa simu nyingi huuzwa zikiwa zimejaa programu miliki juu yake.

Vitabu vya kidijitali. Mwaka 1997 Stallman aliandika hadithi fupi kuhusu wakati ujao ambapo kumwazima rafiki kitabu ni kosa la jinai. Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta kutoka katika vifaa vya Kindle vya wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo kikiwa "1984", baada ya kugundua kwamba aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa fedha na kampuni iliomba radhi. Kwa Stallman kosa halikuwa katika kisa kile pekee. Duka la vitabu vya karatasi haliwezi kuingia nyumbani kwa mteja usiku na kuchukua kitabu kutoka kwenye rafu, lakini kifaa hiki kiliwezesha jambo hilo.

Huduma za wingu. Watu wengi siku hizi huandika, huhesabu na huhifadhi picha kwenye kompyuta za kampuni kupitia intaneti. Stallman anasema katika hali hiyo mtumiaji hapati hata ule mfuatano wa 0 na 1, sembuse msimbo. Hushauri kazi binafsi zifanywe kwenye kompyuta ya mtu mwenyewe.

Fedha. Hupendelea kulipa kwa fedha taslimu ili asiache kumbukumbu ya alikokwenda na alichonunua. Hapingi malipo ya kielektroniki yote: mradi wa GNU una mfumo uitwao Taler, ambao humficha mlipaji lakini humwonyesha anayelipwa, ili kodi isikwepwe.

Ujasusi ndani ya programu huria. Stallman hakuwaachia wenzake pia. Oktoba 2012 toleo la Ubuntu, mfumo huria ambao jina lake la Kinguni lina asili moja na neno la Kiswahili "utu", lilianza kupeleka kwa seva za waliolitengeneza maneno ambayo mtumiaji aliyatafuta ndani ya kompyuta yake, ili aonyeshwe bidhaa za Amazon. Stallman aliita jambo hilo ujasusi na kuwataka watu waache kuupendekeza mfumo huo. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, watumiaji waliweza kuona kinachofanyika na kukiondoa. Katika toleo la mwaka 2016 jambo hilo halikuwashwa tena bila idhini ya mtumiaji.

Maoni kuhusu shule

Stallman anasema shule zinapaswa kutumia programu huria pekee. Gharama ni sababu ndogo, kwani kampuni nyingi huzipa shule programu miliki bure au kwa bei ndogo. Anaufananisha msaada huo na kumpa kijana dozi ya kwanza ya kitu cha kulevya: akihitimu na kuzoea, atalipa yeye au mwajiri wake.

Sababu kubwa ni elimu yenyewe. Mwanafunzi anayeuliza programu inafanyaje kazi huambiwa, ikiwa ni miliki, kwamba hiyo ni siri. Ikiwa ni huria, mwalimu anaweza kumfungulia msimbo asome mpaka afike mwisho wa uwezo wake. Aidha, shule huwafundisha watoto kugawana, na Stallman anaona ni kinyume cha malezi hayo kuwafundisha kwamba kumpa jirani nakala ni wizi.

Ukosoaji

Hoja ya kwanza dhidi ya maoni haya ilitolewa kabla hayajaandikwa. Mwaka 1976 Bill Gates, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, aliandika barua ya wazi akilalamika kwamba wengi wa waliotumia programu yake ya BASIC hawakuinunua, akauliza nani angeweza kufanya kazi ya kitaalamu bila malipo. Stallman hujibu kwamba wanaprogramu wanaweza kulipwa kwa kufundisha, kurekebisha na kuhudumia programu, ingawa alikubali katika ilani yake kwamba huenda wakapata fedha kidogo kuliko awali. Kampuni ya Red Hat, iliyouza huduma za programu huria, ilinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Hata hivyo miradi mingi midogo hutegemea watu wa kujitolea ambao hawalipwi.

Hoja ya pili ni ya usalama. Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu ya chanzo wazi inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa miaka miwili katika msimbo ambao yeyote angeweza kuusoma. Ilidhihirika kwamba kuruhusiwa kusoma si sawa na kuwepo kwa wasomaji.

Hoja ya tatu ni ya maisha ya kawaida. Kukataa simu kunawezekana kwa mtu mwenye watu wa kumsaidia. Katika Afrika Mashariki, ambako huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu ni pia pochi na kitabu cha akiba, na asiyekuwa nayo hupata shida kupokea fedha kutoka kwa ndugu aliye mbali. Wakosoaji husema ushauri ambao watu wachache tu wanaweza kuufuata hauwezi kuwa kanuni ya wote. Stallman mwenyewe husema hatarajii kila mtu aishi kama yeye, ila kila hatua ya kujinasua ina faida.

Stallman amekosolewa pia kwa mwenendo wake na kwa kauli zake juu ya mambo yasiyohusu kompyuta. Septemba 2019 alijiuzulu nafasi yake MIT na urais wa FSF baada ya barua pepe zake kuhusu watu waliohusishwa na kesi ya Jeffrey Epstein kutangazwa. Machi 2021 alirudi katika bodi ya FSF. Barua za wazi ziliandikwa za kumpinga na za kumuunga mkono. Mwaka 2023 alieleza kwamba anaugua saratani ya limfu.

Athari

Mtu anaweza kukataa maoni ya Stallman na bado akatumia matunda yake kila siku. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kubwa zaidi duniani hutumia Linux. Wikipedia huendeshwa kwa programu ya MediaWiki, yenye leseni ya GPL, na makala zake zilitolewa kwa leseni ya hati huria ya GNU hadi mwaka 2009, ilipohamia leseni ya Creative Commons.

Afrika Mashariki imetumia na pia imetengeneza programu za aina hii. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa kwenye ramani, ilianzishwa Kenya wakati wa vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 na ikatumika baadaye katika nchi nyingine. Wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda hutumia DHIS2, mfumo wa takwimu wa chanzo wazi unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, mfano ulio karibu zaidi ni wa lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office. Mtumiaji wa kawaida aliweza kufurahia vyote viwili, lakini njia zilitofautiana. Katika programu miliki, mwenye nayo ndiye anayeamua kama lugha fulani itaingia, itaingia lini na kwa maneno gani. Katika programu huria, watafsiri wa Dar es Salaam walichukua msimbo na kuanza kazi, na mwingine asiyeridhika na maneno yao alikuwa na ruhusa ya kuyabadilisha na kusambaza toleo lake.